Mti wa Mama Deo Uliogoma Kuchanua

Siku niliyoaga kitaluni pale Musoma mlinikatia keki, mkanivisha kitenge, mkapiga makofi, halafu kabla sijameza hata kipande cha kwanza mmoja wenu akaniuliza, "Mama Ngazi, sasa nani atatuambia mkrismasi unakatwa wapi?" Nilicheka, lakini swali hilo nilienda nalo nyumbani Guta na likakataa kulala. Ndiyo maana naandika. Mambo ya mshahara siyagusi, yatanitia uchungu bure. Vyeo navyo sivigusi, maana pale kitaluni vilikuwa viwili tu: mwenye kitalu, na sisi wengine.

Kazi yetu mnaijua, ni kuotesha miti ya maua na kuihudumia uani kwa watu. Jakaranda, mkrismasi ule wa maua mekundu ya Desemba, msanapichi, na bogonvilia kwa wale wenye haraka. Watu wakisikia unatunza maua wanadhani unashika kopo la maji asubuhi na jioni, katikati unapumzika. Waacheni wadhani hivyo hivyo. Siku mti ukiangukia choo chao watawaita, na watawaita kwa heshima.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kanisani, kwa sababu niliambiwa nitaonana na bosi. Bosi mwenyewe alikuwa Mzee Bwire, mwenye kitalu, mtu mfupi, mkavu, kofia yake imetoboka juu kiasi kwamba sikuelewa anaivalia nini. Alinitazama miguuni akasema, "Misa ni saa ngapi leo?" Akanipa tupa na msumeno butu, akanionyesha kigogo cha kukalia. Kutwa nzima nilinoa msumeno. Jioni akaujaribu kwenye tawi kavu, akanirudishia, na kesho yake nikaunoa tena.

Nilimchukia, nasema kweli. Siku alipoukubali ule msumeno ndipo alipoeleza. "Ukiukata mti vizuri, jeraha linafunga lenyewe. Ukiutafuna, maji yanaingia, mchwa wanafuata, na wewe unasingizia ukame." Tangu hapo sijawahi kupanda gari kwenda kwa mteja kabla sijapitisha kidole kwenye meno ya msumeno. Nyie nimewaona mnapitisha macho tu. Macho hayajui kitu, tumieni kidole.

Sasa hili la ngazi. Wengi wenu mnanitania nayo lakini hamjui ilikotoka. Nilikuwa bado mgeni kazini nilipotumwa nyumbani kwa mzee mmoja hapo hapo Musoma, nikapunguze jakaranda. Nimeegemeza ngazi, nimepanda, nimefika usawa wa bati, nikasikia fimbo inagongwa chini. "Wee binti! Shuka!" Nikashuka. Mzee ametoa macho. "Mwanamke hapiti paa la mwenye nyumba. Unataka kunizika?"

Katika nyumba nyingi za kwetu wazee wanaishikaga sana hiyo. Mwanamke akisimama juu kuliko paa la mwanaume mwenye mji, ni kama amemwambia mwenye mji hayupo. Nilirudi kitaluni nimevimba kwa hasira, namwambia Mzee Bwire kwamba hii kazi imenishinda, anitafutie ya kuuza miche. Alichukua ngazi, akaiegemeza kwenye ukuta wa stoo, akapima kwa macho mpaka pale bati linapoanzia, akaweka alama kwa mkaa. Halafu akaikata! Ngazi nzima nzuri ya mninga, akaikata mbele yangu.

"Hii haipiti paa la mtu," alisema. "Kesho rudi kwa yule mzee."

"Na matawi ya juu?"

"Hana vijana? Wapande wao. Wewe simama chini, shika kamba, toa amri."

Nilirudi. Yule mzee aliizunguka ngazi kama anayenunua ng'ombe, akaguna, akaniletea kiti. Na mwaka baada ya mwaka nimefanya kazi hivyo hivyo, Musoma, Bunda, mpaka Butiama. Nimeamrisha wanaume wengi wakiwa juu ya miti, na wamenitii vizuri sana; shida inaanzaga wakishuka. Ngazi yenyewe nimewaachia, ipo nyuma ya stoo. Msiiunge.

Cha pili alichonifundisha Mzee Bwire ni panda, pale tawi linapoachana na shina. Tanua kidole gumba na cha shahada: tawi lililokaa hivyo, limetanuka, lina nguvu. Tawi lililobanana na shina, limesimama nalo bega kwa bega, hilo ni adui aliyevaa nguo nzuri. Bunda tuliitwa kwenye nyumba ambayo jakaranda ilipasuka katikati siku ya upepo wa ziwani, nusu ikalala juu ya banda la kuku. Mwenye nyumba alikuwa analilia kuku, Mzee Bwire anatazama mpasuko. Akaniita, akanionyesha ndani: gome limeingia katikati ya matawi mawili, hayajawahi kushikana hata siku moja. "Yamekaa pamoja miaka yote hii kumbe hayajuani," alisema, akamgeukia mwenye nyumba kumpa pole ya kuku.

Mzee Bwire aliondoka kama alivyoishi, bila maneno mengi. Alirudi kutoka shambani, akasema amechoka, akalala. Nililia mpaka wanawe wakaanza kunibembeleza mimi badala ya mimi kuwabembeleza wao. Kofia yake iliyotoboka walinipa, ninayo mpaka leo, na bado sijui ilikuwa inazuia nini.

Baadaye zikaja simu za kioo, na wateja wakaanza kuja na picha. Mwalimu mmoja kijana, kwao Mwitongo kule Butiama, alinionyesha mti umejaa maua meupe mpaka huoni jani. Mpeasi wa maua, akaniambia, huko ng'ambo wanaupanda mbele ya nyumba. Nikamuuliza peasi zake ni tamu? Akasema hauzai peasi za kula. "Sasa mwanangu, mpeasi usiokupa peasi umefuata nini?" Tulicheka sana. Lakini picha niliitazama vizuri, nikaona matawi yote yamesimama wima, yamebanana pale pale kwenye shina. Nikamwambia mti huu unataka baridi ambayo Butiama haina, na hata ungekubali, upepo ungeupasua kama jakaranda ya Bunda. Nilimpandia msanapichi mweupe, nikauelekeza ungali mdogo, tawi huku na tawi huku. Siku hizi wageni wanaopita pale wanapiga nao picha, na yeye anazituma kwangu kila mara, hata nikiwa nimelala.

Haya. Sasa nije kwa Mama Deo wa Kibara, maana huyo ndiye aliyenitoa kazini. Baada ya mti wake sikutaka kuhudumia mwingine.

Alinipigia mwenyewe, wakati mvua za vuli zinajikusanya. Sauti ya mtu mzima, haina papara. "Nasikia wewe ni daktari wa miti. Njoo uutazame wangu kabla watoto hawajauua." Nikaifunga ngazi juu ya gari dogo, tukashika barabara ya Bunda, tukakunja kwenda Kibara. Nyumba yenyewe ipo kwenye mwinuko juu ya ziwa, na uani kuna mkrismasi mkubwa umelifunika lile paa nusu nzima. Ulikuwa wa kijani. Si kijani cha kawaida, jamani, kijani cha kupitiliza, majani yamelala juu ya majani, chini giza. Mti wa maua ukiuona unafurahi namna hiyo, jua kuna mtu anauharibu kwa mapenzi.

Mama Deo alinikaribisha kwa uji, akanieleza. Mti aliupanda marehemu mume wake, Masatu, mvuvi, walipojenga. Masatu alisema nyumba za pale zote zina bati la aina moja, mtu ukiwa majini huwezi kujua ipi ni yako, na yeye anataka akirudi aione ya kwake kwanza. Kila mwisho wa mwaka mti ulikuwa unawaka mwekundu, yeye Masatu anaushika kwa macho tangu mbali, anakuja nao mpaka nchi kavu. Alipofariki, mwaka ule ule mti haukutoa ua. Uliofuata haukutoa. Tangu hapo, hata ua moja.

"Watu wanasema umemfuata mwenyewe," alisema. "Akina mama wa jumuiya siku hizi wakija kusali hawakai chini yake. Wanakaa juani. Mimi nawatazama tu wanavyoungua."

Mwanawe mkubwa, Deo, alikuwa amekuja kutoka Mwanza siku hiyo ili asikie nitasema nini. Sitaki mumuone Deo vibaya, alikuwa na haki yake. Tawi moja nene lilikuwa limelala juu ya bati la mama yake, na hakuna mtoto mwenye akili anayelala usingizi Mwanza akilifikiria tawi lile. Tena yalikuwa yanamuuma yale maneno ya watu. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, chini ya Mzee Manyama, kaka mkubwa wa marehemu, na kikao kikatoa jibu: watoto wote wanakuja Krismasi. Mti ukichanua mpaka Krismasi, unabaki. Usipochanua, unakatwa kesho yake, wakiwepo wote, yaishe.

"Na wewe mama unasemaje?" nilimuuliza.

Aliutazama mti kwanza. "Asubuhi nikiamka naanza kuusalimia huu. Namwambia nimelalaje, bei ya mafuta ya kupikia imekuwaje. Wakiukata, mdogo wangu, nitakuwa naongea na ukuta."

Basi nikauzunguka. Shina zima, mchwa hakuna, gome safi. Nikachuchumaa, nikachota udongo. Ulikuwa mweusi, umelowa, unanata, na wakati huo Kibara yote ilikuwa bado kavu. Nikaufungua kiganjani, ukameremeta. Magamba ya samaki! Nikachimba kidogo pembeni, magamba. Nikaenda upande wa pili kuelekea nyumbani, magamba na miba.

"Nani anaosha samaki hapa?"

"Mimi," alisema Mama Deo. "Baba Deo alipokuwepo tulikuwa tunaletewa samaki wameshasafishwa huko huko mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Alipoondoka nikaanza biashara ya kukaanga, sato na dagaa, nauza pale barabarani. Naoshea hapa kivulini. Maji yote nampa yeye. Na matumbo nayafukia. Si na yeye ale?"

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo nikacheka, nikacheka mpaka Deo akauliza kama nina shida. Furaha, jamani! Mkrismasi mnaujua ulivyo: mti wa watu maskini, unataka jua na shida kidogo ndipo utoe maua. Ukiulisha sana unasahau kuchanua, unaota majani tu. Na huu ulikuwa unakula samaki kila siku, tangu wiki ya msiba.

"Mama Deo," nikamwambia, "mti wako haulii. Umeshiba."

Nilitegemea na yeye acheke. Hakucheka. Uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo ni mimi? Watu wanasema mti umekufa na mume wangu, kumbe mimi ndiye ninayeuziba?"

Hapo nilijiona mjinga kwa kile kicheko. Nikamshika mkono. "Si wewe. Ni samaki. Wewe ulikuwa unampa mume wako chakula, nani atakulaumu?"

Nikampa masharti. Samaki waoshewe kule nyuma kwenye migomba, migomba haishibagi. Ule udongo mweusi wa juu tuukwangue taratibu bila kugusa mizizi, uende nao kwenye migomba. Na maji yasimwagwe pale hata kikombe, hata ya kunawa wageni.

"Hata maji ya asubuhi? Nikimsalimia huwa namwagia kidogo."

"Hata hayo."

"Nitamsalimiaje mtu mikono mitupu?"

"Msalimie tu, mama. Salamu haina mbolea."

Sasa hapo akacheka.

Lile tawi la juu ya bati nilikubaliana na Deo liondoke. Nikaegemeza ngazi. Mzee Manyama, ambaye muda wote alikuwa pale uani kwenye kiti chake, akanyanyua kidole. "Mama, usipite paa la marehemu." Nikamwambia mzee, tazama ngazi yenyewe. Akaitazama, akaiona imeishia pale bati linapoanzia, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Aliyeikata hii ana akili." Nilitamani Mzee Bwire angesikia.

Kwa hiyo aliyepanda ni Deo. Akavua viatu vyake vya Mwanza, akakunja suruali. Mimi chini na kamba, natoa amri: kata kwanza kwa chini, kidogo, usimalize, sasa juu, mbele zaidi, liachie lishuke kwa kamba, sasa rudi ukate kisiki karibu na shina, lakini ile shingo ya tawi usiiguse, hiyo ndiyo inayofunga jeraha. Akafanya vizuri sana. Tawi likashuka kama mtoto anayelazwa, bati halikuguswa. Nikamwambia atoe na makavu, basi, mengine asiguse, maua ya mwaka huu yakiwepo yamo humo. Alikaa juu muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Aliposhuka alisema, "Nilikuwa napandaga huu nikikwepa kwenda kuchota maji," halafu akaanza kutafuta viatu vyake haraka haraka.

Kabla sijaondoka niliwaambia ukweli wote. Mti haujui kikao. Unaweza kuchanua mwaka huu, unaweza kusubiri mwakani, mimi siwezi kuuapia. Mzee Manyama alisema, "Tumesema Krismasi."

Wiki zile Mama Deo alinipigia simu mpaka wenzangu mkadhani nimepata mchumba. Majani yamepungua kidogo! Nikafurahi. Kuna vijani vya njano kama manyoya chini! Nikafurahi. Siku moja alipiga ana wasiwasi mkubwa: padri alikuja kumtembelea, akataka kunawia pale pale chini ya mti, na yeye akamshika mkono mbele ya watu. "Nimemzuia padri kunawa, Mama Ngazi. Hiyo ni dhambi?" Nikamwambia kama padri alikula, hakuna dhambi.

Nilikwenda Kibara siku moja kabla ya Krismasi. Nyumba imejaa watoto, wajukuu, masufuria, redio mbili zinashindana. Lakini chini ya mti hakuna aliyekaa. Nikasimama pale nikainua macho. Majani yalikuwa yamepungua kweli, mwanga umeanza kupenya, ila juu bado kulikuwa na paa la kijani. Ua, hakuna. Nikaegemeza ngazi, nikapanda mpaka mwisho wake, nikashika tawi moja moja ninalolifikia. Hakuna. Ningeparamia matawi kidogo tu, ningetoa kichwa juu ya majani. Nikasikia, "Mama Ngazi." Mzee Manyama, kwenye kiti chake. "Nimekusikia, mzee," nikasema, nikashuka.

Mama Deo alikuwa kule kwenye migomba anakaanga sato wa sikukuu. Alinitazama usoni mara moja, akageuza samaki. Jamani, nimeangusha miti mikubwa, nimezika bosi wangu, lakini mgongo wa yule mama akigeuza samaki uliniuma kuliko hayo yote. Nikamfuata nikasimama tu karibu yake kama mjinga.

Deo alikuja. "Mama, mtu wa msumeno wa chenso nimeshamwambia aje keshokutwa." Sauti yake ilikuwa chini. "Nisamehe. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alisema Mama Deo. "Leta sahani."

Ndipo akatokea Mafuru, mtoto wa Mzee Manyama. Anavua, alikuwa kambini visiwani wiki nyingi, hata habari za kikao anazisikia kwa mbali tu. Amepanda mwinuko kutoka ziwani, mkononi ana sangara mkubwa wa kuburuta mkia, anacheka tangu mbali.

"Mama mdogo, hongera! Mti umewaka!"

Redio moja ilizimwa.

"Mafuru," alisema baba yake, "usifanye mizaha kwenye mji wa watu."

"Mizaha gani, baba? Nimeushika tangu kule mbali. Nilikuwa naelekea mwalo wa kila siku, nikauona, nikasema aa, leo natokea kwa mama mdogo moja kwa moja, kama alivyokuwaga anafanya baba mdogo." Akatutazama tulivyomkodolea macho. "Kwani nyie hamuoni?"

Wote tukainua vichwa. Kijani. Nikaelewa, na nilitaka kujipiga kofi. Mkrismasi unachanulia juu, kwenye kilele, pale panapolitazama jua. Zamani majani yalikuwa machache, wekundu ukionekana mpaka chini. Sasa lile paa la majani ya samaki lilikuwa limetuficha. Na kilichochanua kilikuwa upande wa ziwani, mbali kabisa na maji ya jikoni.

Watoto walikimbia mpaka ufukweni, wakarudi wanasema hawaoni, mwinuko unaziba. "Mpaka uingie majini," alisema Mafuru. "Twendeni, mtumbwi upo."

Hakuna aliyetembea. Katika ukoo ule mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia. Mama Deo ameishi juu ya ziwa lile tangu aolewe, ameosha, amekaanga, amezaa watoto wa wavuvi, na hajawahi kuondoka nchi kavu hata siku moja. Tulimgeukia Mzee Manyama wote kwa pamoja.

Mzee alikohoa. "Ni mtumbwi wa nyavu."

"Nyavu nimeziacha kambini, baba," alisema Mafuru. "Leo ni mbao tu zinazoelea."

Mzee Manyama akafikiri. Akanitazama mimi, akaitazama ngazi yangu pale ukutani, ngazi iliyoishia kwenye bati. Nadhani hapo ndipo alipoamua. "Kama hauna nyavu," alisema, "basi huo ni benchi." Akasimama, akachukua fimbo yake, akawa wa kwanza kushuka.

Tuliingia watano: Mafuru na Deo kwenye makasia, mzee mbele, mimi na Mama Deo katikati. Mimi mtu wa ngazi, majini sina langu. Nilifumba macho nikashika ubao kwa mikono miwili. Mama Deo alikuwa na aproni yake ya kukaangia, inanuka mafuta. Aliangalia miguu yake tu. Deo alipiga kasia, akapiga, halafu akaacha.

"Mama. Geuka."

Aligeuka, na mimi nikafumbua macho. Bati zote za Kibara zilikuwa zimejipanga pale juu, moja, moja, zinafanana, kama alivyosema marehemu. Na juu ya moja kulikuwa kumewaka. Si mti mzima. Kilele tu, upande wa huku, chekundu kama mtu ameanika khanga mpya. Usingeweza kuikosa nyumba ile hata ungekuwa umechoka namna gani.

Mama Deo aliweka mkono mdomoni. Miaka yote alikuwa akiuona kwa chini, mti wa kufagia maua yaliyodondoka. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Kumbe alikuwa anaionaga hivi nyumba yangu," alisema.

Deo alitoa simu, akageuka pembeni, akampigia yule mtu wa chenso. "Kaka, usije. ... Hapana, si hela. ... Mama amekataa."

"Usimsingizie mama yako," alisema Mzee Manyama bila kugeuka. "Mwambie baba mkubwa amekataa."

Tulikaa pale, makasia juu, maji yanagonga ubao taratibu. Nikamkumbusha Mama Deo kwamba ameacha samaki jikoni. Mafuru akashika kasia, akauliza turudi?

"Bado," alisema Mama Deo. "Rudi kule mbali ulikouona, halafu uje tena."